Sura ya Asubuhi

Saint-Gilles, Bruxelles
14 janvier 2024

Anaïs mutoto yangu,

Hii ni barua ya kwanza ya mwaka. Kwa simu tunaulizanaka tu kama umekula, kama baridi iko mingi. Mambo yenyewe iko ya barua, na sheria yangu haijabadilika tangu ulienda Angleterre na miaka 18: Kiswahili, tarehe, na jina yako chini.

Siye tuko bazima. Kila asubui, mbele ya kwenda ku kazi, nafungua ordinateur na natafuta kipindi yako. Maman Antoinette wa mulango ya pili anakuya na kikombe yake, na Papa Hilaire anashuka toka juu. Papa Hilaire ni ile muzee ya Uvira, alifiwaka na bibi yake, alihamia mu nyumba yetu mwezi wa saba. Ni yee njo alituwekea hii chaîne ya Angleterre; mbele yake nilikuwa nakuona tu ku ba-video. Tunakaa batatu sawa batu ya cinéma. Maman Antoinette na miye hatusikie Kiingereza, lakini tunakuangalia uso, na uso inatosha.

Lundi ilipita ulikuwa na bwana moja ya mvi, costume ya bleu. Anaongea, ananyoosha kidole, na wewe unamuangalia vikali. Maman Antoinette akasema: «Huyu lazima ni ministre.» Nikamujibu: «Ministre ya ulinzi, angalia mabega yake.» Papa Hilaire alikohoa tu.

Ku kanisa banajua bote. Chorale ikimaliza répétition ya nyimbo, ba-maman bananiuliza: «Rolande, binti yako ameongea na nani tena?» Nabaeleza kila kintu. Nabaeleza na mwanzo: ni binti ya kaka yangu, nilimupokea ku aéroport akiwa na miaka 9 na valise moja, hasemi ata neno, na leo Angleterre nzima inamusikiliza.

Donc. Mwezi wa sita chorale yetu inafikisha miaka 25. Padri anaomba wewe uongoze ile sherehe. Nilishasema utakuya.

Miye mama yako,
Rolande

* * *

Manchester
28 Januari 2024

Maman mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwa barua. Juni nitakuja, mwambie padri aniandike kwa kalamu, si kwa penseli.

Yule bwana wa mvi ni mtaalamu. Kazi yake inahusu nidhamu, na ni kweli, ulinzi kwa kiasi fulani. Watu wengi humwomba ushauri. Nisamehe nisipoeleza zaidi, mambo ya studio ni mengi na barua ni fupi.

Kazi inaendelea vizuri. Kuna mabadiliko madogo kituoni, ya kawaida tu. Mimi mzima, nalala vizuri, nakula mboga.

Sasa niulize jambo moja, na usikasirike. Nikikupigia simu Jumanne saa kumi jioni, namsikia Papa Hilaire. Nikipiga Alhamisi, namsikia tena. Mara ya mwisho uliniambia «nitakupigia kiisha» kwa sauti ya chini, kama msichana aliyekutwa nyuma ya shule. Maman, una miaka sitini na sita. Umenilea mimi, umewalea wazee wa Saint-Gilles nzima, hujawahi kujipa chochote. Kama kuna jambo na Papa Hilaire, mimi nitafurahi. Ningependa tu kulisikia kwako kabla ya kulisikia kwa Maman Antoinette.

Nakukumbatia,
Anaïs

* * *

Saint-Gilles, Bruxelles
17 mars 2024

Anaïs,

Nilikawia kujibu. Nilikuwa natafuta namna ya kusema.

Kwanza Papa Hilaire. Ile fasi ya barua yako ilinichekesha mpaka machozi, na nikamusomea, akacheka mpaka akavua lunettes ya macho. Papa Hilaire alifundishaka Kiingereza ku lycée moja ya Uvira, miaka 31. Tangu mwezi wa tisa, kila mardi na jeudi, ananifundisha. Hapo mwezi wa kwanza, wakati nilikuandikia sisikie Kiingereza, nilikudanganya. Nilitaka nikushangaze mu sherehe, nisimame nikusalimie mbele ya batu bote kwa luga ya kazi yako. Miaka 11 nakuangalia sawa samaki nyuma ya vitre, nyuma ya kioo: mudomo inatembea, sauti haifike. Nilichoka na vitre.

Février njo nilisikia phrase nzima ya kwanza. Ile ministre ya mvi alirudi. Anakuambia: «Ukimuacha alale ku kitanda yako ata siku moja, hatakuheshimu tena.» Nikasema, kumbe anashauri bibi za batu. Alafu bakaonesha imbwa.

Papa Hilaire akakohoa. Nikamuuliza: «Ulijua?»

«Tangu janvier, Maman Rolande.»

«Juu ya nini haukuniambia?»

«Ulikuwa na furaha na ministre yako. Sikutaka kukunyanganya.»

Anaïs, hiyo haikunikasirisha. Nilicheka. Kufundisha imbwa na kupika gâteau, zile keki zenu, ni kazi, batu banaamuka na roho nzuri. Nilibaki naangalia kila siku, na kila siku nasikia zaidi.

Kiisha ikafika vendredi le 8 mars. Angleterre ilikuwa inajitayarisha kwa sikukuu ya ba-maman. Mwenzako wa nywele mufupi akakuuliza ni nani alikulea. Nikasogeza kiti. Ukasema: «Shangazi yangu. Alikuwa anafanya kazi mu ofisi za Union européenne, Bruxelles.» Akakuuliza: «Mwanadiplomasia?» Wewe ukacheka. Haukusema hapana.

Ni kweli nilikuwa mu zile ofisi. Kila siku saa kumi ya asubui, na ndoo na raclette ya kupanguza chini, miaka 9. Kiisha nikasoma, nikakuwa aide familiale, na sasa miaka 22 nasafisha wazee, nabalisha, nabasikiliza. Ile kazi njo ilikulea. Ilikufanyia ubaya gani?

Maman Antoinette aliniuliza: «Amesema nini?» Nikamujibu: «Anasalimia batu.»

Rolande

* * *

Manchester
24 Machi 2024

Maman,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, na sikulivua koti mpaka nilipoisoma mara ya tatu.

Sina utetezi. Ninaweza kukueleza ilivyokuwa, basi. Kabla yangu walikuwa wameulizwa watatu. Mmoja mama yake daktari, mmoja mama yake mwalimu mkuu, mmoja mama yake alikuwa hakimu. Ikafika zamu yangu, taa zinawaka, nikaona aibu nusu sekunde. Kwenye televisheni nusu sekunde inatosha. Aliposema «mwanadiplomasia» nilikuwa na nafasi ya pili, na nikaitupa kwa kucheka. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hutasikia. Hilo ndilo baya kuliko yote: nilisema kwa sababu nilijua hutasikia.

Nisamehe, Maman. Si leo, kama leo bado.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, nimalizie. Desemba mkuu wangu, Gareth, aliniita. Akasema: «Watazamaji wanakupenda sana, Anaïs. Ila tunataka kufungua ukurasa mpya.» Nikamuuliza ukurasa huo una miaka mingapi. Akasema ishirini na sita. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Mei. Ndiyo yale «mabadiliko madogo» niliyokuandikia.

Sikuwahi kumhoji waziri yeyote. Mara moja alikuja naibu waziri, tukapamba naye keki. Unajua nilivyoanza: Leicester, redio ya mtaa, nina miaka ishirini na miwili, alfajiri nasoma barabara zenye foleni. Halafu London, idhaa ya Kiswahili, miaka mitatu na Watanzania na Wakenya, ambako Kiswahili changu kilivaa tai, kama unavyonitania. Halafu miaka miwili ya kazi niliyoipenda kuliko zote: mafuriko, mahakama, wafanyakazi waliofungiwa kiwanda. Nilikuwa na jozi mbili tu za viatu na zote zilikuwa na tope. Siku moja msomaji wa hali ya hewa akaugua, nikashika nafasi yake, na mkuu mmoja akasema nina sura ya asubuhi. Nikapewa kochi la kipindi cha asubuhi. Nilikubali kwa mwaka mmoja, ikawa kumi na moja.

Wewe uliandika kuhusu mawaziri na mimi sikukusahihisha, kwa sababu kwenye barua zako nilikuwa yule niliyetaka kuwa. Nilipenda kumsoma.

Sherehe ya chorale nitakuja, nikiwa sina kazi. Kama padri anataka kutafuta mtu mwingine, nitaelewa.

Binti yako, kama bado,
Anaïs

* * *

Saint-Gilles, Bruxelles
31 mars 2024, Pâques

Anaïs mutoto yangu,

«Kama bado» usiandike tena. Mutoto hana date ya kuisha sawa yaourt.

Nilikasirika siku 23. Papa Hilaire alihesabu, juu mu ile siku yote sikufanya devoirs za Kiingereza. Leo asubui mu misa nilikuwa naimba, na mu katikati ya wimbo nikaona kasirani imeisha. Sikuitafuta tena.

Kiisha ya misa nikasimama mbele ya chorale. Nikasema: «Ba-maman, ba-papa, nilibadanganya bila kujua. Anaïs haongeake na ba-ministre. Anaongeaka na batu ya imbwa na batu ya gâteau. Na mwezi wa tano kazi yake inaisha.» Nilitayarisha roho yangu kwa aibu. Alafu Maman Antoinette akauliza: «Ile gâteau ya machungwa ya mwezi wa pili, unaweza kumuomba recette ya kuipika?» Na papa Bienaimé ya ba-basse, bale ba sauti nzito, akasema imbwa yake inalalaka ku kitanda, afanye nini. Bakakuwekea maswali nusu saa. Nimeyaandika ku karatasi ingine, utaikuta mu enveloppe, ujibu.

Padri anasema hatafute muntu mwingine.

Ukuye mapema, le 3 juin. Ukae hapa kwangu siku kumi. Hapa hauitaji sura ya asubui, tumeshakuona ukiamuka.

Na kitu kimoja. Ile miaka ya matope, ile mulikuwa munaenda ku mafuriko: barua zako za wakati ile nimezisoma tena leo. Zilikuwa ndefu. Za kochi zilikuwa fupi. Miye sikusomea mambo ya télévision, lakini hiyo niliiona.

Mama yako,
Rolande

* * *

Manchester
16 Juni 2024

Maman mpendwa,

Siku ile ya dhoruba tulionana kwenye ukumbi wa parokia, wewe na masufuria, mimi na simu, hatukupata dakika tano za kuzungumza. Kesho yake nikapanda treni. Basi nikuandikie upande wangu, nawe uniandikie wako.

Uliponiacha Gare du Midi saa tatu, ulinifunga skafu kama nina miaka tisa ukaenda kazini. Nikakaa na begi langu nikiwaza sherehe yetu iliyopita, papa Bienaimé akicheza na kipaza sauti mkononi akikataa kunirudishia. Nilikuwa nacheka peke yangu. Saa tano wakatangaza: upepo umeangusha miti juu ya reli huko Ufaransa, hakuna treni ya London mpaka kesho. Watu wote wakaanza kupiga simu.

Mimi pia nikapiga. Nilimtafuta Siobhan, mhariri wa habari niliyefanya naye kazi enzi za mafuriko. Nikamwambia: «Niko Brussels, ndani ya kituo, naongea Kifaransa.»

«Una mpiga picha?»

«Nina begi.»

«Dakika sita uwe hewani,» akasema, akakata.

Nikaegemeza simu juu ya begi, ikaanguka. Nikaegemeza tena. Mwanamke mmoja pembeni akaniambia kwa Kiswahili, alikuwa amenisikia nikijisemea: «Dada, lete nishike. Mimi nimeshika watoto wachanga zaidi ya elfu moja, simu haitanishinda.» Ndiye Zaituni, yule mwuguzi wa Tanga uliyempa sahani mbili. Alikuwa anakwenda London kwenye usaili wa kazi, na badala yake akawa mpiga picha wangu saa nne nzima. Mkono wake haukutikisika hata mara moja.

Kulikuwa na bwana wa kituo mwenye koti la rangi ya machungwa, mtu mwema, amechoka, watu mia wamemzunguka. Nikamuuliza nani atapanda treni ya kwanza kesho. Akasema hajui. Zamani, kwenye kochi, ningemshukuru na kumgeukia mpishi. Nikamwambia: «Twende tukaulize pamoja, watu wanatazama.» Tukaenda, mimi, yeye na Zaituni nyuma, korido kwa korido, moja kwa moja hewani, tukarudi na jibu: wazee na wenye watoto kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Bwana yule akasimama juu ya benchi akalitangaza mwenyewe. Watu wakampigia makofi, akaona haya.

Nilikuwa na njaa, skafu imelowa jasho, nywele zimesimama. Maman, sijawahi kufurahi kazini namna ile. Nilisahau kabisa kwamba sina kazi.

Halafu mtangazaji wa studioni akaniuliza wenye watoto watakwenda wapi mpaka kesho, nami nikasema yale niliyoyasema juu yako, na nikakupigia. Sikuyapanga. Mpaka leo sijui ulisikia yote au ulisikia simu tu. Niambie.

Anaïs

* * *

Saint-Gilles, Bruxelles
20 juin 2024

Mutoto yangu,

Nilisikia yote.

Nilikuwa kwa Madame Lambrecht, ile muzee ya miaka 93. Nilikuwa naosha miguu yake. Papa Hilaire akanipigia: «Fungua Angleterre, mbio.» Nikaweka simu yangu ku meza, mikono yangu mu maji, na wewe ukatokea na ile nywele.

Ulisema hivi, na sikumuuliza Papa Hilaire ata neno moja: «Mwanamuke mwenye alinilea anaishi karibu na hapa. Wakati moja nilisema ku télévision kwamba alikuwa anafanya kazi mu ofisi za Union européenne, na nikaacha batu bafikiri mambo ya uwongo. Alikuwa anazisafisha, saa kumi ya asubui, miaka tisa. Leo anachunga wazee. Kama mu Bruxelles kuko muntu anajua fasi ya kupeleka batoto hawa, ni yee. Nitamupigia sasa.»

Madame Lambrecht hasikie Kiingereza, lakini aliona machozi yangu yanaanguka mu bassine. Akaniuliza kama ni binti yangu: «C'est votre fille?» Nikasema ndiyo.

Na simu ikalia. Nilijua Angleterre yote inasikia. Mu kichwa yangu Kiingereza ilikimbia yote, ata bonjour ilipotea. Papa Hilaire anasemaka, ukiogopa, uliza swali fupi. Nikakuuliza: batoto bangapi? Ukasema 43. Nikasema: lete bote. Ni hiyo tu. Batu bananisifu sawa nilitoa discours ndefu.

Madame akanisukuma na mukono: «Allez, Rolande, enda. Miye sitakufa leo.» Nikamupanguza miguu kwanza, kiisha nikakimbia. Maman Antoinette alikuwa tayari na funguo ya salle ya parokia, Gracieuse wa kazi yangu akaleta muchele, sufuria za sherehe zilikuwa bado hazijarudishwa. Batoto balikula mara mbili. Moja ya Liverpool alilala ku magoti ya papa Bienaimé mu katikati ya wimbo, na papa Bienaimé akaimba basse pole pole, juu asimuamushe.

Zaituni alinipigia jana. Balimupa tarehe ingine ya usaili, akafaulu.

Kuhusu yale maneno yako: Maman Antoinette aliniuliza tena umesema nini. Safari hii nilimutafsiria yote, neno kwa neno, na akaniomba nirudilie.

Miye,
Maman Rolande

* * *

Saint-Gilles, Brussels
13 Oktoba 2024

Maman mpendwa,

Nakuandikia kutoka meza yako, na ni ajabu kuandika «Brussels» juu ya karatasi na «Manchester» juu ya bahasha. Siobhan aliponiambia mwezi wa nane kwamba wananitaka niwe mwandishi wao wa huku, nilidhani nitakukuta nyumbani. Kumbe wewe unastaafu tarehe 30 Septemba, mimi naanza tarehe 1 Oktoba, na tarehe 3 unaomba funguo zangu na kusema: «Nyumba yako ya kule nani ataifunga? Wewe uko na kazi, miye niko na mapumziko.» Pasipoti yako ilikuwa na wiki mbili tu tangu commune, yaani manispaa, wakupe.

Kazi ni ngumu na nimechoka vizuri. Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na Porte de Namur, ngazi nyingi, dirisha moja. Ripoti yangu ya kwanza ilitoka jeudi: wanawake wa Kivu wanaotunza wazee majumbani hapa. Gracieuse alikubali nimfuate siku nzima. Kuna mahali Madame Lambrecht, ambaye sasa anamtunza yeye, anamshika mkono na hakuna anayesema kitu, sekunde kumi na moja. Siobhan alitaka zikatwe, ripoti ilikuwa ndefu. Nikamwambia akate sauti yangu mimi. Tulibishana mpaka akacheka, na sekunde zote zikabaki. Miaka kumi na moja sikuwahi kubishania kitu pale kwenye kochi, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kubishania.

Kesho yake, kwenye ngazi za hapa nyumbani, Papa Hilaire alinisimamisha akanipa mkono rasmi kabisa, kama anampa cheti mwanafunzi. Akasema: «Mademoiselle Mwamba, nilielewa kila neno, na sikukohoa.»

Siioni chumvi. Na chorale wanauliza kila Jumapili utarudi lini. Treni yako ni mardi tarehe 22, nitakuja Midi kukupokea. Utakula nini?

Anaïs

* * *

Manchester
20 octobre 2024

Anaïs mutoto yangu,

Chumvi iko nyuma ya unga, mu boîte ya biscuits. Usikasirikie jirani.

Nyumba yako imeisha. Vitabu mu carton, manguo ya kochi nimeyagawa, nimebakisha ile robe ya manjano, juu inafaa ata kwa ba-ministre. Kazi yote ilinichukua siku tano. Nilikuwa nafikiri itafika kumi na tano.

Donc nilikuwa na wakati. Siku ya sita nikagonga kwa jirani yako Doreen, kumupa mimea yako. Miaka sita unakaa kando yake na unajua tu kwamba iko na paka. Doreen iko na miaka 81, alikuwa dereva wa bus. Mwanamuke, bus kubwa, miaka 30. Anaongea haraka sana, na nusu ya maneno yake Papa Hilaire hakunifundisha. Namuambia: «Pole pole, Doreen.» Anapunguza kidogo, kiisha anasahau, anakimbia tena. Mangaribi tunakunywa chai yake ya maziwa. Nilimupikia sombe, yetu ya majani ya mihogo; niliikuta mu magazini moja ya ba-Congolais, unaamini? Akaomba ingine.

Jumapili ilipita nikaenda ku kanisa yao. Banaimba vizuri, lakini bamesimama sawa poteaux, zile nguzo za umeme. Kiisha ya misa nikamuuliza mukubwa wa chorale, kwa Kiingereza yangu, kama bananikubali nikae na ba-alto. Akasema ndiyo. Leo nimeimba nao. Nilitikisa mabega kidogo tu, kwa heshima. Kufika wimbo ya tatu, ba-alto bote banatikisa.

Jana, mu njia ya kurudi, nilikaa ku banc, mvua ndogo inanyesha, na wazo moja ikanikuta. Bukavu nilitoka nakimbia. Bruxelles nilifika natafuta kazi, na siku ya tatu nilikuwa tayari na ndoo mu mukono. Hii Manchester ni fasi ya kwanza mu maisha yangu mwenye nimefika sikimbie kitu, sitafute kitu. Batu bananiuliza: umekuya kufanya nini huku? Nabajibu kwa Kiingereza: natembea. Nilikaa pale mpaka nikaloa, na sikujali.

Alors, usikuye Midi mardi; nitakuambia na ku simu, juu barua itakawia. Ile treni nimeiacha iende, nimechukua ingine. Doreen anasema kuko bus inafika mpaka ku bahari, na anajua dereva wa ile ligne, ni yee alimufundisha. Tunaenda kesho. Amesema bahari yao iko na baridi na rangi ya mavumbi, hakuna kitu ya kuona, na lazima niione.

Ambia chorale novembre. Lakini usibaambie tarehe.

Mama yako, mwenye iko natembea,
Rolande